Chai ya saa kumi kama darasa la sanaa kwa watoto wa miaka 7 hadi 11: tuanzie wapi?

MleziMakorora

Salamu wadau. Kuna kikundi cha watoto 16 hapa Tanga, umri miaka 7 hadi 11. Ukumbi ni mdogo, una jiko la gesi, meza nne na bomba moja la maji. Tuna Jumamosi sita, kuanzia saa 9:30 alasiri mpaka saa 11:00. Walezi ni watatu.

Lengo ni chai ya saa kumi iwe ndiyo somo lenyewe. Watoto waijue kanga, mkeka, vyombo, vitafunio na adabu za kumkaribisha mgeni, si kunywa chai na andazi halafu kila mtu kwao. Naomba vipimo halisi, si maneno ya jumla:

- Kazi gani ya mikono inamalizika ndani ya dakika 40 kwa umri huo?
- Chai ipi inawafaa, na kiasi gani kwa watu 16?
- Baadhi ya wazazi wanataka iwe chai ya Kiingereza, ile yenye sahani za ghorofa tatu. Mnaonaje?
- Hina tuiweke au tuiache?

MlangoWaKati

Panga kwa kuanzia mwisho, Mlezi. Amua kwanza nani atakaribishwa Jumamosi ya sita, kwa sababu bila mgeni wa kweli hizi zote zinabaki kazi za karatasi. Waiteni mabibi na mababu, wasizidi wanane ili kila watoto wawili wahudumie mgeni mmoja. Kisha jiulize: mgeni atakaa juu ya nini, atanawaje, kikombe chake kitawekwa juu ya nini, ataletewa nini, na ataambiwa maneno gani? Kila swali hapo lina Jumamosi yake.

Mgawanyo wa saa moja na nusu unaofanya kazi: dakika 10 za kusalimiana na kuangalia kitu kimoja halisi, dakika 40 za kazi, 10 za kusafisha meza na mikono, 30 za chai. Chai iwe mwisho kila mara. Ukiianza, mikono yenye sukari itagusa karatasi, na waliomaliza kunywa mapema wataanza kukimbizana.

Nimesema kitu kimoja halisi. Ukitandaza kanga tano mezani watoto watachagua wanayoipenda na somo litaishia hapo. Tundika moja, waiangalie kimya dakika mbili, halafu uliza maswali yenye majibu yanayoonekana: umbo gani linajirudia? Pembeni kuna nini ambacho katikati hakuna? Rangi ni ngapi ukizihesabu moja moja?

Angalia na saa zenu. Alasiri huadhiniwa karibu na muda mliouweka wa kuanza, kwa hiyo ama msogeze mwanzo hadi saa 10:00, ama muwape wanaoswali nafasi yao kabla kazi haijashika kasi. Ulizeni pia madrasa za jirani zinatoa watoto saa ngapi. Na kama Jumamosi mojawapo inaangukia Ramadhani, iahirisheni au muihamishie baada ya futari.

Kuhusu chai ya Kiingereza: hakuna ubaya kuitaja, ila itajwe ilivyo. Ile ya vipande vidogo vya mkate na keki inahusishwa na Anna, mke wa Duke wa Bedford, karibu mwaka 1840, wakati mlo wa jioni wa matajiri wa Uingereza ulikuwa umesogea mpaka usiku na kuacha pengo refu baada ya mchana. Hiyo inatosha dakika tano. Lakini Tanga mna kitu bora zaidi: mashamba ya chai yapo Amani, wilayani Muheza, ambako Wajerumani waliijaribu mwanzoni mwa karne ya 20. Tafuta vichipukizi vibichi, majani mawili na ncha yake kama wachumaji wanavyochuma, uviweke kwenye sahani kando ya majani makavu ya dukani. Watoto wavichore vyote viwili. Mwisho wa kuchora watakuwa wamejua chai ni mti, jambo ambalo watu wazima wengi wanalisahau.

BiBirika

Mimi niseme la chai tu.

Kwa watoto 16, kadiria mililita 150 kila mmoja, yaani lita 2.4. Pika karibu lita 3 kwa sababu ya mvuke na kinachobaki kwenye chujio.

Kwa Jumamosi za kawaida ningepika chai ya mchaichai bila majani ya chai kabisa. Maji lita 3, mchaichai mabua 8 yaliyofungwa fundo, tangawizi gramu 40 iliyopondwa, mdalasini kijiti kimoja cha urefu wa kidole. Ichemke dakika 10 ikiwa imefunikwa, maana harufu ya mchaichai ni mafuta yanayoruka na mvuke. Sufuria ikiwa wazi ukumbi utanukia vizuri na kikombe kitakuwa maji. Sukari gramu 100 kwa sufuria nzima. Itakuwa kama gramu 6 kwa mtoto, kijiko kimoja na nusu cha chai. Usiweke bakuli la sukari mezani.

Jumamosi ya wageni, pika ya maziwa: maji lita 1½, tangawizi gramu 30, iliki punje 8 zilizopasuliwa. Chemsha dakika 5 kamili. Tia majani vijiko viwili vya chakula visivyojaa, dakika 2, kisha maziwa lita 1½ na sukari. Ikipanda, punguza moto ishuke, iache ipande mara ya pili, chuja.

Makosa matatu yanayoharibu chai hiyo. La kwanza ni tangawizi mbichi kutiwa moja kwa moja kwenye maziwa: ina kimeng'enya kinachokata protini, na maziwa yanakatika mabonge mabonge hata yakiwa ya asubuhi ile. Zile dakika tano za kuchemka kwenye maji ndizo zinazokiua. La pili ni karafuu nyingi. Tatu kwa lita zinatosha, zaidi ya hapo chai inakuwa na uchungu na ulimi unakufa ganzi. La tatu ni chupa ya chai. Kwa watu wazima ni rahisi, kwa watoto ni hatari, kwa sababu inaishikilia chai kwenye joto la kuunguza kwa saa nyingi. Chujeni kwenye mabuli mawili yaliyo wazi, mmimine nusu kikombe, kisha mwacheni mgeni asalimiwe na kukaribishwa. Kufikia mwisho wa salamu chai inanyweka. Mlezi aonje kwanza. Vikombe vya bati viacheni: ukingo unachoma mdomo kabla chai haijafika. Melamini au udongo ndiyo vizuri.

Jingine, chai ya majani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye kunde na mboga. Ndiyo maana saa kumi, katikati ya milo, ni wakati mzuri kuliko kuwapa pamoja na chakula cha mchana.

PindoNaMji

Kanga ndiyo ianze, maana inaingia kwenye karatasi bila kupoteza umbo lake.

Kanga ya kawaida ina kama sentimita 150 kwa 110. Karatasi ya A3 ni 42 kwa 29.7. Ukigawa urefu kwa upana utaona uwiano unakaribiana sana, kwa hiyo mtoto anatengeneza kanga ndogo isiyopotoshwa. Piga mstari wa pindo sentimita 4 kutoka ukingoni pande zote nne. Unabaki na mji, yaani sehemu ya katikati, wa sentimita 34 kwa karibu 22. Jina, yale maandishi ya kanga, likae ndani ya mji, upande wa chini, kwenye kisanduku chembamba chenye kimo cha sentimita 3.

Pindo lichapwe kwanza, mji ufuate, jina mwisho. Atakayeanza na mji atautanua mpaka ule pindo, na pindo lisilo kamili si kanga tena.

Mihuri: bamia iliyokatwa upande inatoa ua lenye pembe tano, na hakuna anayehitaji kisu kikali. Kiazi kinafaa kwa umbo la korosho, lakini kichongwe na mtu mzima na kikaushwe kwa kitambaa. Maji ya kiazi huchuja rangi na chapa inatoka na madoa. Rangi iwe nzito kama uji wa mtoto mchanga, ipakwe kwenye sponji bapa ndani ya sahani, na muhuri ugonge sponji, usichovywe kwenye rangi. Ukichovya, matundu ya bamia yanajaa na ua linageuka doa. Gonga, hesabu mbili, inua wima. Bamia moja inachapa vizuri mara kama ishirini kisha inalegea. Kata kipande kipya.

Pembe nne zichapwe kabla ya pande. Halafu chapa katikati ya kila upande, ndipo ujaze nafasi zilizobaki. Mtoto anayeanzia pembe moja na kuzunguka huishia na nafasi ya nusu ua, na hapo ndipo machozi huanzia.

Rangi tatu tu, nyeupe ya karatasi ikiwa mojawapo. Waonyeshe kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusini: ni rangi chache na kinajulikana toka mbali. Kisutu cha asili hakina jina, na hilo litawaonyesha kwamba maandishi yaliingia baadaye kwenye kanga ambayo tayari ilikuwa imekamilika kwa michoro.

Jina lenyewe liandikwe kwa mkono, herufi kubwa, bila nukta. Usijaribu kuchonga herufi kwenye kiazi: zinatoka kinyumenyume, na hata wanaojua hilo husahau N na S. Hesabuni herufi kabla ya kuandika. MGENI NJOO MWENYEJI APONE ina herufi 22 na nafasi tatu, jumla 25. Ukigawa sentimita 34 kwa 25 unapata sentimita 1.3 na kidogo kwa kila moja, kwa hiyo herufi ya sentimita 1 na upenyo wa milimita 3 inakaa sawa. Wapige vipande 25 kwa penseli kwanza. Hisabati imo humo humo.

Majina chagueni ninyi. Mengi ya dukani ni ya mafumbo ya wakubwa, na mtoto akiulizwa na bibi yake maana ya alichoandika atakwama. Ya ukarimu na salamu yapo tele.

MleziMakorora

Asanteni sana. PindoNaMji, je, badala ya karatasi tungetumia kitambaa cheupe ili kanga zitandikwe mezani siku ya wageni?

PindoNaMji

Inawezekana, ila Jumamosi ya kwanza iwe karatasi. Kitambaa kinataka pamba tupu, kifuliwe kwanza kuondoa wanga wa kiwandani, la sivyo rangi inakaa juu na kubanduka. Kibanwe kwa utepe wa gundi wa karatasi kwenye ubao. Kikiteleza chapa zote zinapinda. Rangi ya kitambaa ikikauka, ipigwe pasi kwa nyuma dakika 3 hadi 5, na mtu mzima. Njia ya kati: kipande kimoja kikubwa cha mita 1.5 kwa 1.1, watoto wote 16 wakichapa sehemu zao, kiwe kitambaa cha meza ya wageni. Gawa hivi: wanane pindo, sita mji, wawili jina. Wa jina wawe wakubwa wenye mkono uliotulia.

ShaziaMbili

Mkeka mzima hauwezekani kwa dakika 40, na anayekwambia unawezekana hajawahi kushona hata ukili mmoja. Tengenezeni kitako cha kikombe, kile kiduara cha kuwekea kikombe kisichome meza. Kinafanywa kwa mbinu ileile ya mkeka: unasuka ukili, kisha unaushona ukingo kwa ukingo.

Chukua ukindu, au miyaa kama ndiyo inayopatikana sokoni kwenu, yaani majani ya kusukia mikeka. Paseni kwa upana wa milimita 6 hadi 8. Loanisheni kwa kitambaa chenye maji na mzifunike kama dakika 15 kabla ya kusuka. Zikiwa kavu zinakatika kwenye kila pindo, zikilowa mno zinasinyaa baadaye na ukili unakuwa na matundu.

Mtoto wa miaka 7 asuke nyuzi tatu, wa 10 anaweza nne. Tatu zikikazwa vizuri zinatoa ukili wa upana wa kama sentimita 1.5. Kwa kiduara cha sentimita 12 unahitaji ukili wa sentimita 75 ukihesabu eneo peke yake, lakini kingo zinapandana kidogo wakati wa kushona, kwa hiyo suka mita moja. Anzeni kwa majani ya urefu tofauti kusudi yasiishe pamoja. Ukiongeza majani matatu mahali pamoja, ukili unakatikia hapo hapo. Unga moja, suka vidole vinne, unga jingine.

Kushona ni kazi ya Jumamosi ya pili yake. Shazia ya kweli, ile sindano ya kushonea mikeka, ina ncha, wapeni sindano butu ya plastiki yenye tundu kubwa na uzi uliopakwa nta. Anzeni katikati kwa kukunja ncha ya ukili, zungusheni. Mshono ushike ukingo tu, usivutwe. Ukivutwa, duara linainuka pembeni na kuwa bakuli. Mtoto akitoa bakuli msimwambie amekosea, mwonyesheni kawa, kile kifuniko cha chakula kilichosukwa: linainuka kwa kanuni hiyohiyo, kila mzunguko ukibana kuliko ungetosha kulala chini. Hapo ndipo wanapoelewa kwamba umbo linatokana na mvutano wa mkono.

Walioshindwa kusuka kabisa wapeni karatasi za manila: vipande kumi vya wima, kumi vya mlalo, upana sentimita 1.5, juu moja chini moja, rangi mbili. Wakimaliza wabadilishe kuwa juu mbili chini moja waone mchoro unavyogeuka kuwa ngazi.

Kuhusu rangi za ukindu, nunueni uliokwisha kutiwa rangi. Kuchemsha rangi na watoto 16 na jiko moja si jambo la kushauri.

SamliSafi

Kwenye vitafunio watu watakwambia mahamri. Mahamri ni mazuri, lakini unga wake unataka saa moja hadi mbili kuumuka na kazi yenyewe ni kusukuma na kukata pembe, basi. Chagua visheti, vile vitafunio vya unga vya kukaanga vinavyogandishwa sukari, kwa sababu kila kimoja kinachongwa kwa mkono.

Kwa watoto 16: unga wa ngano gramu 500, samli vijiko 3 vya chakula, iliki ya kusaga kijiko 1 cha chai, chumvi chembe, maziwa ya uvuguvugu mililita 220 na mengine kidogo ya akiba. Sugua samli kwenye unga mpaka ukiubana kwenye kiganja ushikamane, ndipo utie maziwa kidogo kidogo. Donge liwe gumu kuliko la chapati. Ufunikwe dakika 20. Unapata karibu gramu 780, kila mtoto anapewa gramu 45 hivi na kinabaki cha kujaribia. Hiyo ni visheti tisa au kumi vya ukubwa wa tende ndogo.

Mtoto akandamize kidonge kwa kidole gumba juu ya kitu chenye mchoro, kisha akizungushe kijikunje kama kombe. Vifaa ni uma, kitana kipya, chujio la plastiki, au nyuma ya ungo mdogo uliooshwa. Kila kifaa kinaacha alama yake, na mtoto atatambua visheti vyake kwenye sinia. Wape dakika tano wajaribu vifaa vyote kabla ya kuchagua. Kikikandamizwa chini ya milimita 3 kitakuwa biskuti. Kikiwa kinene katikati kitabaki kibichi.

Kukaanga na shira ni kazi ya mkubwa, watoto wakae meza ya mbali. Mafuta yawe ya moto wa wastani: kisheti kikitiwa kizame, kisha kielee baada ya muda mfupi. Moto mkali unakipa rangi nje na ndani unabaki unga, na kesho yake kinalegea. Shira: sukari vikombe 2, maji kikombe 1, ichemke mpaka tone likivutwa kati ya kijiko na kijiko litoe uzi usiokatika. Mimina visheti, epua, geuza bila kusimama mpaka sukari igande nyeupe. Ukiepua kabla ya uzi, havigandi kamwe, vinabaki vya kunata, na kuongeza sukari kavu juu hakusaidii. Rudisha shira motoni.

BiBirika

Naafiki visheti, ila vina sukari ya kutosha. Siku hiyo chai iwe haina sukari kabisa. Hawataona tofauti.

Kidaka

Hamjagusa vyombo, na ndivyo vinavyobeba historia ndefu kuliko vyote mlivyovitaja. Sahani na mabakuli ya kauri ya Kichina yalifika pwani hii karne nyingi kabla ya majani ya chai kulimwa huku. Pale Kunduchi yalipachikwa kwenye makaburi ya nguzo, Mambrui vilevile. Lamu yalipangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya chokaa ndani ya ukuta. Maana yake, chombo kilikuwa pambo na heshima ya nyumba, si cha kulia tu. Mtoto akijua hivyo atashika kikombe tofauti.

Kazi ya dakika 40: sahani ya karatasi nyeupe, ikunjwe mara tatu kupata mistari minane, ikunjuliwe. Rangi ya maji moja tu, buluu, kwenye vikombe vitatu: tone la maji, kijiko kimoja, vijiko vitatu. Ukingo wa sahani una umbo moja linalojirudia mara nane, katikati pana picha moja ya kitu cha pwani: jahazi, mnazi, samaki, mkarafuu. Waanze na buluu nyepesi kabisa, wasubiri ikauke, ndipo nzito. Wakigeuza mpangilio, rangi nzito inavuja ndani ya nyepesi na sahani nzima inakuwa bahari.

Zidaka tengenezeni kwa maboksi ya viatu yaliyopangwa juu kwa juu, mdomo wa kila boksi ukikatwa tao. Yapakwe nyeupe. Sahani zikae humo siku ya wageni.

Onyo moja. Mtu atapendekeza kuchora vikombe vya kweli. Rangi za sanaa si za kugusana na chai. Kama lazima, mchore nje tu, na sentimita 2 chini ya ukingo ziachwe tupu, maana midomo inafika huko.

MleziMakorora

Kidaka, hilo la zidaka limenimaliza, tutalifanya. Bado hina. Akina mama wawili wamejitolea kuwapaka watoto siku ya wageni, mmoja anatumia piko.

ShaziaMbili

Piko msiikubali, hata kwa heshima. Piko nyingi ni rangi nyeusi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Kwenye ngozi ya mtoto inaweza kuleta malengelenge na makovu, na mwili ukishaikataa mara moja huikataa maisha yote, ikiwamo kwenye rangi za nywele na baadhi ya nguo. Hina ya asili ni afadhali, ila nayo ina sharti: mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, anaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu kwa hina safi kabisa, na upungufu huo si adimu ukanda wetu. Waulizeni wazazi kwa maandishi.

Isitoshe, hina inataka saa kadhaa mkononi ili ikolee. Chai ya saa moja na nusu na mikono iliyolowa hina haviendi pamoja, nani atamimina?

Ifanyeni kwenye karatasi. Kila mtoto achore mpaka wa kiganja chake kwenye manila, kisha ajaze maua kwa koni ya nailoni. Ndani ya koni mtie uji mzito wa unga wa ngano uliopikwa, ukapoa, ukatiwa rangi ya kahawia na kuchujwa kwa kitambaa. Usipochuja, donge moja linaziba tundu, mtoto anaminya kwa nguvu na koni inapasuka nyuma. Tundu lisizidi milimita moja. Mchoro uanze vidoleni kuelekea kwenye kifundo cha mkono, ili mkono unaochora usifute kilichochorwa.

Mskati

Nipo Muscat, niongeze la adabu kwa kuwa nyumba nyingi huku zina asili ya Unguja na Pemba. Mezani kwetu ni kahawa, na watoto hufundishwa kuihudumu mapema hata kama hawainywi. Dele, yaani birika la kahawa, mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia. Kikombe kinajazwa robo au theluthi, hakijazwi mpaka juu, kwa kuwa kujaza ni kama kumwambia mgeni anywe aondoke. Anayehudumu husimama. Mgeni akitosheka hutikisa kikombe kidogo kulia na kushoto, na hapo hakiongezwi. Kabla ya kahawa hutangulia tende au halua. UNESCO iliiorodhesha kahawa ya Kiarabu kwenye turathi zisizoshikika mwaka 2015, Oman ikiwa miongoni mwa nchi nne zilizoomba.

Kwa watoto, fanyeni zoezi la kumimina na maji baridi kwanza. Weka alama ya penseli kwenye kikombe, buli lijae nusu tu, sinia chini yake. Mtoto wa miaka 7 humwaga kwa sababu buli ni zito, si kwa kukosa adabu.

MlangoWaKati

Zoezi la Mskati lichukueni. Na kunawa: mtoto mmoja ashike birika, mwingine beseni, wa tatu kitambaa begani. Waanzie kwa mgeni mkubwa kwa umri. Maneno ni mafupi: “Shikamoo bibi, karibu maji.” Wafanye mazoezi mara mbili Jumamosi ya tano, si zaidi, wakizidishiwa wanakuwa kama kasuku.

MleziMakorora

Mpangilio basi: kanga, ukili, kushona ukili na kiganja cha manila kwa wanaomaliza mapema, sahani na zidaka, visheti, wageni. Visheti vya Jumamosi ya tano vitafika ya sita?

SamliSafi

Vitafika, ila vipoe kabisa kwenye sinia, kama saa mbili, kabla ya kufunikwa. Vikifungwa vya moto, mvuke unayeyusha sukari na asubuhi unakuta vimeshikana. Kopo la bati au la plastiki lenye mfuniko unaobana, karatasi kavu chini, mbali na friji. Wiki moja haina shida. Kila mtoto afunge vyake kwenye karatasi yenye jina lake, ili siku ya wageni bibi ajue anakula kazi ya nani. Na ukae na vingine kumi vya akiba, kwa sababu kopo litafunguliwa kabla ya Jumamosi.